Nataka kukimbia kilomita 42 Kasese kwa ajili ya marafiki zangu watatu, nianzie wapi?

Dereva_Malaba

Salaam ndugu zangu. Mi ni dereva wa trela, niko Malaba hapa mpakani mwa Uganda na Kenya, umri 41, kilo 94, na tangu niache shule sijakimbia kabisa, kazi yangu ni kukaa kwenye usukani.

Tulikuwa wanne, tulianza pamoja kama mataniboi (wasaidizi wa dereva), baadaye kila mtu akapewa gari lake. Usiku tukiwa njiani tulikuwa na desturi moja, ikigonga saa tisa unampigia mwenzako unamuuliza tu "umelala?" naye anasema "silali", basi mnakata simu, manake saa tisa ndo saa mbaya kwa dereva, macho yanajifunga yenyewe hata kama umekunywa chai ya thermos nzima. Wawili walikufa pamoja msitu wa Mabira, kuna lori lilikuwa limeharibika limeachwa katikati ya njia bila taa bila hata matawi, wakaingia chini yake. Wa tatu kansa ya koo. Alikuwa anasema ni vidonda vya tumbo, miezi saba anameza dawa za duka, kufika hospitali ya Mulago hata uji haupiti tena. Namba zao zote bado ziko kwenye simu yangu.

Sasa mwaka ujao nataka kukimbia Rwenzori Marathon ya Kasese, 42 yote, watu wachange kwa kilomita na pesa iende kwenye karo ya watoto wao, wako sita. Nimeshachapisha jezi zenye picha zao. Je, mwili huu utaweza? Na pesa nitakusanya vipi watu wasiseme nakula pesa ya marehemu? Kuna mtu hapa alishafanya kitu kama hiki?

Mkimbiaji_Kasese

Pole sana kaka, hiyo ya saa tisa imenigusa. Mi nimekimbia hapa kwetu mara mbili tangu zilipoanza 2022, kwanza 21 halafu 42, na nilimkimbilia rafiki yangu tuliyesoma naye.

Utaweza, ila uende taratibu. Kabla ya kitu chochote kapime presha na sukari. Halafu wiki za kwanza usikimbie moja kwa moja, kimbia dakika moja tembea mbili, nusu saa, mara tatu kwa wiki, hivo hivo mpaka mwili uzoee. Jumapili ndo siku ya mwendo mrefu, unaongeza kilomita moja tu au mbili, na kila baada ya wiki tatu unapunguza kidogo miguu ipumzike. Ukifika 30 au 32 inatosha, hiyo uifanye wiki kama tatu kabla ya siku yenyewe, baada ya hapo ni kupunguza tu. Watu wengi wanaharibu hapo mwishoni wanaogopa kwamba hawajajiandaa wanaongeza mazoezi wanafika mstarini wamechoka.

Viatu tafuta soko la Owino Kampala, lakini uvijaribu mchana miguu ikiwa imevimba kidogo, na mbele ya kidole gumba ibaki nafasi ya upana wa kidole. Mi nilivaa vya kubana nikapoteza kucha tatu. Paka vaselini kwapani, mapajani na kwenye chuchu, usione aibu, jezi ikilowa jasho inachuna ngozi mpaka damu. Usiku wa kuamkia mbio kula posho (ugali) au matoke kama ulivozoea, achana na rolex, chapati ya mayai, ya mafuta mengi. Kasese kuna joto, kunywa maji kidogo kidogo na ubebe ORS (ile dawa ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji), manake ukinywa maji matupu lita na lita chumvi ya mwili inashuka na unaweza kuanguka. Na ukisikia homa wiki hiyo kapime malaria, usikimbie na homa hata kama jezi ina picha ya nani.

Kitu kimoja nakuomba. Mwaka huo wa kwanza kimbia 21. Watu watachanga vilevile, na watoto sita hawahitaji baba mwingine aanguke.

Dereva_Malaba

Asante sana mkubwa. Ila 21 naona kama nusu, wao walikuwa watatu.

Nyabo_Mbale

Kaka pole. Mi naandika kama mjane, kwa hiyo nisamehe nikisema wazi. Umewauliza wake zao?

Mume wangu alipofariki wenzake wa kazini waliandaa matembezi ya kumkumbuka. Nia ilikuwa nzuri, naamini. Lakini mi nilikutana na uso wa mume wangu kwenye migongo ya watu stendi, sikuwa nimeambiwa, nilikuwa nimebeba mtoto na kikapu cha nyanya, nikakaa chini palepale. Jioni jezi zile zikaonekana baa. Halafu pesa ilitangazwa kwenye spika mbele ya watu wote, iliyofika kwangu ilikuwa nusu, na mpaka leo majirani wanadhani nina hela nimeficha, hata mkopo wa chumvi nikiomba wananiangalia.

Kwa hiyo nenda kwanza uwaambie. Usiwapigie, nenda. Uliza picha gani watumie au kama hawataki picha kabisa. Uliza kama karo ndo shida yao kubwa, labda mwingine anadaiwa kodi ya nyumba. Na kiasi kilichopatikana wasikisikie kwenye spika.

Afande_Mstaafu

Nyabo amemaliza maneno. Mi naongeza upande wa pesa tu, nilikuwa mweka hazina wa sacco miaka kadhaa.

Wewe unayekimbia usiguse pesa. Line ya mobile money isiwe yako binafsi, fungueni akaunti ya kikundi yenye saini tatu, mmoja dereva mwenzako, mmoja mjane, mmoja mtu wa msikitini au kanisani anayeheshimika hapo Malaba. Kutoa kwenye simu serikali inakata 0.5% juu ya ada ya kampuni, kwa hiyo ikusanyike itolewe mara moja, msitoe toe kidogo kidogo. Karo ilipwe moja kwa moja kwenye akaunti ya shule, na risiti mzipige picha muwatumie waliochanga. Gharama za safari yako na viatu ulipe kutoka mfukoni au uwaambie watu tangu mwanzo.

Watu wa Uganda wanachanga wakiona kitu kinachofanyika. Rotary Cancer Run ilianza 2012 na watu wanarudi kila mwaka kwa sababu wanajua pesa inaenda kwenye matibabu ya kansa pale hospitali ya Nsambya. Kabaka Run nayo, mbio za mfalme wa Buganda, ile miaka zilipokuwa za ugonjwa wa selimundu kila mtu alijua anakimbilia nini.

Na ukitoka Mombasa hujalala, siku hiyo hakuna mazoezi. Lala. Hiyo ni amri.

Dereva_Malaba

Nimerudi. Nilikaa kimya kidogo kwa sababu nyabo alinikata moyo mwanzoni, halafu nikaona ana haki. Jumamosi nilienda kwa wote watatu.

Wawili wamekubali picha. Wa tatu, mke wa yule wa kansa, amekataa, ile picha niliyochapisha alikuwa ameshakonda, anasema watoto wasimkumbuke hivo. Jezi zile nimeziweka ndani, tutachapisha zingine, kwake tutaandika jina tu. Yeye ndo atashika saini ya pili.

Kijana wake mkubwa yuko P6 (darasa la sita) alikuwa amesimama mlangoni anasikiliza yote, baadaye akanifuata mpaka kwenye boda akauliza zile 5km watoto wanaruhusiwa? Sijui nimjibu nini, Mkimbiaji nisaidie hapo.

Nimekubali 21. Leo asubuhi nimefanya dakika moja kwa mbili, mara kumi, barabara ya kwenda Tororo, magoti yanauma lakini nimemaliza.