Kuunganisha picha mbili ubavu kwa ubavu: IrfanView, GIMP, Photopea au simu?

StudioKibuye, Kisumu
Hamjambo wadau. Nina studio ndogo karibu na soko la Kibuye. Mama mmoja wa Maseno ameniletea picha ya harusi yake ya 1981, nyeusi na nyeupe, kona moja imeliwa na unyevu. Anataka ikae ubavuni mwa picha waliyopigwa yeye na mzee wake mwaka huu, zote kwenye karatasi moja ya inchi 12 kwa 8, aitundike sebuleni. Ya zamani nimeiskani, imetoka pikseli 2100 kwa 3000. Ya sasa ni ya simu, 3000 kwa 4000. Nilijaribu programu ya kolaji, ya kupanga picha kadhaa pamoja, kwenye simu, ikakata paji la uso la mzee na ncha ya shela ya mama. Siwezi kumpa mtu kitu kama hicho. Nyinyi mnatumia nini? Kompyuta yangu ni ya Windows, imechoka, na bando nanunua la kupima.

UpepoWaDunga, Kisumu
Dada, achana na kolaji. Zile huja na vyumba vilivyokwisha kupimwa, picha isipoenea inakatwa. Chukua IrfanView, ni nyepesi, hata kompyuta iliyochoka inaibeba. Menyu ya Image, Create Panorama Image, ongeza picha zako mbili, chagua zipangwe kwa upana, basi. Mimi hulinganisha hivyo picha za ziwa: asubuhi magugu yamefunika ufuo, jioni upepo umeyasukuma. Ila sawazisha urefu wa picha kwanza.

BondeLaUfa, Nakuru
IrfanView ni nzuri, lakini ni bure kwa matumizi yasiyo ya biashara. Studio ni biashara, inatakiwa ulipie leseni. GIMP haina sharti hilo, na kwa kazi ya kutundikwa ukutani ningeichagua hata kama zote zingekuwa bure, kwa sababu kila picha inabaki kwenye leya, yaani tabaka, yake na unaweza kuisogeza baadaye.

Fungua karatasi mpya nyeupe ya 4500 kwa 3000. Nenda File, Open as Layers, ulete picha zote mbili. Ya zamani iache ilivyo. Ya simu iguse, nenda Layer, Scale Layer, andika urefu 3000. Alama ya mnyororo ikiwa imefungwa, upana utajiandika wenyewe 2250. Ikiwa wazi, utamnenepesha mzee wa watu bila kujua. Sasa jumlisha: 2100 na 2250 ni 4350, zimebaki 150. Weka 60 katikati na 45 kila upande. Sura hiyo ya 4500 kwa 3000 ndiyo ile ile ya 12 kwa 8, kwa hiyo hakuna kitakachokatwa ili ienee, na unapata pikseli 375 kwa kila inchi wakati 300 zinatosha. Hifadhi XCF kwanza, faili la GIMP lenyewe linalotunza leya, JPEG ya kuchapisha baadaye.

MahindiNaMaharage, Kakamega
Kwa picha mbili GIMP ni sawa. Mimi huwa na jozi themanini za mashamba, kabla ya mbolea na baada, siwezi kuziburuta moja moja. Natumia ImageMagick, programu unayoiandikia amri, mstari mmoja tu:

magick kushoto.jpg kulia.jpg -auto-orient -resize x3000 +append pamoja.jpg

Ukiweka -append badala ya +append, zinapangwa juu na chini. Hiyo -auto-orient, inayosimamisha picha jinsi ilivyopigwa, usiisahau. Niliwahi kupeleka ripoti nzima mahindi yakiwa yamelala ubavu.

KaratasiSafi, Bungoma
Photopea inafunguka ndani ya kivinjari, haihitaji kusakinishwa, na picha hazipandi kwenye mtandao, zinabaki kwenye mashine yako. Anayeijua Photoshop hatapotea. Kuifungua tu ndiko kunakula bando.

ChumbaChaGiza, Nakuru
Hesabu zenu zimekaa vizuri, lakini hakuna aliyeuliza habari za nyuso. Binti yangu, pima uso wa mama kwenye picha zote mbili, kutoka kidevuni hadi nywele zinapoanzia. Urefu wa karatasi ukiwa sawa na nyuso zisiwe sawa, jicho halitulii.

StudioKibuye, Kisumu
Shikamoo mzee. Nimepima. Ya 1981 ni pikseli 300. Ya sasa, hata baada ya kupunguzwa, ni 520.

ChumbaChaGiza, Nakuru
Marahaba. Basi hiyo si kazi ya programu tena. Ukiipunguza ya sasa mpaka nyuso zilingane, picha itakuwa fupi na itabaki nyeupe juu na chini. Ukiikuza ya zamani, utakata shela. Rudi Maseno ukapige upya, na ile ya harusi uende nayo. Rudi nyuma, mwili uonekane mpaka pale unapoishia kwenye ile ya zamani. Simu ikikaribia uso, pua hukua. Halafu shusha mkono: enzi zetu kamera nyingi zilikuwa za kutazamia kwa juu, tukizishika kifuani.

UpepoWaDunga, Kisumu
Na ya sasa aigeuze nyeusi na nyeupe? Mimi naona zingependana zaidi.

BondeLaUfa, Nakuru
Hapana, kaka. Miaka ile yote katikati ndiyo mama anataka ionekane. Rangi ibaki.

StudioKibuye, Kisumu
Wadau, nilienda Maseno jana. Nilimpa mzee picha ya harusi aishike kabla sijapiga. Aliitazama kitambo, kisha akahama kutoka kulia kwa mama akaja kushoto, akaufunga mkono wake juu ya mkono wa mama vile vile, kidole gumba kikiwa nje. Mimi mwenyewe sikuwa nimekiona kile kidole. Nilirudi nyuma hatua sita, simu kifuani. Uso umetoka 310.

Nimetumia GIMP, 60 katikati kama alivyosema BondeLaUfa, na rangi nimeziacha. Karatasi imetoka mchana huu na shela ni nzima mpaka ncha. Naipeleka Jumamosi. Ile ya zamani nimeitia kwenye bahasha kavu, nitamwambia asiirudishe tena kwenye ule ukuta wenye unyevu.