Kitambulisho na swali la "nyinyi hasa ni wa wapi?": tupeane uzoefu

MwanaMaji_Kwale aliandika:

Assalamu alaikum wanajamvi, na wengine hamjambo.

Juzi hapa Kwale, pwani ya Kenya, nilimsindikiza mpwa wangu kuomba kitambulisho. Kijana aliyetutangulia kwenye foleni alitoa cheti cha kuzaliwa na nakala za vitambulisho vya wazazi wake, akachukuliwa alama za vidole, akaenda zake. Mpwa wangu alikuwa na karatasi zilezile. Karani akalisoma jina, akamtazama, akamuuliza: "Nyinyi hasa ni wa wapi?" Ikabidi tutafute karatasi za babu.

Babu yetu alivuka kutoka Pemba kabla ya uhuru, akifuata samaki na upepo kama wavuvi wote wa wakati ule. Hapa nataka mtu anisaidie. Ukanda wa pwani wa maili kumi, Mombasa ikiwemo, ulikuwa mali ya Sultani wa Zanzibar. Tangu 1895 Waingereza waliuendesha kwa kumlipa kodi ya kila mwaka, mpaka Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte, waziri mkuu wa Zanzibar, walipokubaliana uingie Kenya. Basi babu alipotua Kwale alikuwa chini ya Sultani yuleyule aliyemwacha Pemba. Alivuka mpaka gani? Ni mpaka uliokuja kumkuta yeye keshaoa na ana watoto.

Bila kitambulisho hakuna leseni ya uvuvi, kwa hiyo ami zangu wamevua miaka yote kwa kujificha, na kila askari wa doria alijua bei yao. Julai 2023 serikali ilianza kutoa vitambulisho kwa Wapemba, Rais Ruto mwenyewe akaja Kilifi. Ni jambo kubwa na nashukuru. Ila swali la kaunta bado lipo pale pale.

Nyinyi mliulizwa nini, na mlijibuje?

Mchonga_Mpingo alijibu:

Mimi Mmakonde wa Kwale. Babu alikuja kutoka Msumbiji kukata mkonge, baadaye akahamia mashamba ya miwa ya Ramisi, hapa Kwale. Kiwanda cha sukari kikafungwa, mzungu keshaondoka siku nyingi, sisi tukabaki na makaburi yetu.

Watu wanadhani kukosa kitambulisho ni kukosa kupiga kura. Kura ni siku moja! Shida ni Jumatatu mpaka Jumapili. Laini ya simu niliandikishiwa na jirani kwa jina lake, na M-Pesa ikawa yake. Mteja wa vinyago akinitumia pesa, zinaingia kwa jirani, naye anakata chake kwanza, tena kwa uso mkunjufu. Ningemshtaki wapi, na mimi kituoni ndiyo ningefungiwa? Kupeleka mzigo Nairobi sikuthubutu, vizuizi vya barabarani ni vingi. Dalali alichukua kinyago kwa bei ya kuni.

Oktoba 2016 watu wetu wakaamua kwenda kwa miguu mpaka Ikulu Nairobi. Mama yangu alienda, na magoti yake mabovu. Rais Uhuru Kenyatta akaagiza tupewe vitambulisho kabla ya Desemba, na mwaka uliofuata tukatangazwa kabila la 43. Nilipokipata, kitu cha kwanza nilisajili laini yangu. Jirani alinuna kama nimemwibia.

BintiMakina alijibu:

Hapa Kibra, Nairobi, Wanubi tuko tangu jeshi la King's African Rifles. Babu zetu walitolewa Sudan wakiwa askari, wakapiganishwa vita vya Mwingereza, kisha wakaambiwa kaeni hapa. Mwaka 1918 eneo lilitengwa rasmi, zaidi ya ekari 4,000. Hati tuliyokuja kupewa 2017 ni ya ekari 288. Hesabu wenyewe.

Kwenye kitambulisho sisi tulikuwa na siku zetu za kupigwa msasa. Unaingia chumbani, kuna wazee wamekaa, kuna ofisa wa usalama. Wananiuliza jina la baba ya babu, babu alikuwa kikosi gani, msikiti gani, nani anakujua. Nilikuwa na miaka 18, nimesoma Nairobi tangu chekechea. Darasani kwetu wenzangu walipata vyao kwa wiki chache. Mimi nafasi ya chuo ilipita nikisubiri.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba mmoja wa wale wazee alikuwa ananijua tangu nikiwa nabebwa. Alikula pilau harusini kwetu. Lakini aliniuliza maswali yote kwa sura ngumu, sababu ofisa alikuwa anamtazama yeye pia.

Wanaosema tunalalamika tu wajue kuwa Machi 2011 kamati ya Umoja wa Afrika ya haki za mtoto iliamua kesi ya watoto wa Kinubi, ikasema Kenya imewavunjia haki yao ya uraia tangu kuzaliwa. Uamuzi upo. Kaunta haijausoma.

Sajini_Mstaafu alijibu:

Nitapingwa, lakini nasema. Nimefanya kazi mpakani. Vitambulisho vinauzwa, na si kidogo. Bila kuuliza maswali kila mtu angekuwa Mkenya kufikia jioni.

BintiMakina alijibu:

@Sajini_Mstaafu shikamoo mzee. Anayenunua hapitii chumba cha wazee, anapitia mlango wa nyuma. Chumbani tulikuwa sisi tusio na hela.

Garissa_Yetu alijibu:

Sajini, ngoja nikupe ya mdogo wangu.

Mwaka 2011 mvua ilikosekana, ng'ombe wakaisha. Kwenye kambi ya wakimbizi ya Dadaab kulikuwa na mahindi, mafuta na matibabu, upande wetu hakukuwa na kitu. Mama akawachukua wadogo zangu, wakaandikishwa kambini kama wakimbizi wapate mgao. Nani angemlaumu? Huyu mdogo wangu alikuwa darasa la nne.

Alipofika miaka 18 akaenda kuomba kitambulisho. Alama za vidole zikagoma: mtambo unasema huyu ni mkimbizi. Mimi ndugu yake wa baba na mama ni Mkenya na nina kitambulisho, yeye ni mgeni, kwa sababu ya magunia ya mahindi. Kutoka Garissa kwenda Nairobi hawezi, basi linasimamishwa na kila abiria anatoa kadi. Maelfu wamekwama hivyo kwetu.

Na wazee wetu hawakusahau 1989, Wasomali peke yao walipoitwa kuthibitisha uraia na kupewa kadi ya rangi ya waridi. Februari 2025 Rais alitangaza Wajir kwamba msasa wa ziada umekwisha kwenye kaunti za mpakani. Kwa vijana wapya naona mambo yamelegea. Kwa yule ambaye vidole vyake viko kwenye mtambo wa wakimbizi, tangazo pekee halimtoi humo.

Mwana_Mishamo alijibu:

Niwachomekee ya Tanzania. Wazazi wangu ni wa 1972, waliokimbia mauaji Burundi. Tulikuwa makazi matatu, Katumba, Mishamo na Ulyankulu, tukilima tumbaku na kulipa kodi kama wengine. Serikali ikatoa nafasi: rudi Burundi au omba uraia. Zaidi ya watu 162,000 tulikubaliwa mwaka 2010, na hilo ni jambo ambalo nchi chache duniani zimewahi kufanya. Nalisema kwa fahari.

Ila sharti likawa tuhame makazi tutawanywe mikoani, na vyeti vikakaa. Uraia wa Burundi tumeshaukana, wa Tanzania tumekubaliwa mdomoni, mkononi hatuna kitu. Baba hakujua apande mihogo au auze bati. Akapanda nusu shamba. Vyeti vilianza kutolewa 2014, wakati wa Kikwete, na suala la kuhama likaachwa. Mpaka leo kijijini wakigombana mpaka wa shamba utasikia mtu anasema, "Mkimbizi wewe." Cheti kiko kabatini, hakisikii.

MwanaMaji_Kwale alijibu:

Nimewasoma wote. @Mchonga_Mpingo, huyo jirani tunaye na sisi, nadhani kila kijiji kina wake.

Kwa wanaouliza kule inboksi kuhusu mpwa wangu: kilichosaidia ni kadi ya kliniki ya mama yake, barua ya chifu, na risiti ya zamani ya ushuru wa samaki yenye jina la babu, iliyokuwa imekunjwa ndani ya msahafu. Risiti ndiyo waliyoitaka kuliko vyote. Ameandikishwa, sasa tunangoja kadi.

Swali langu kwa wenye uzoefu: dada yake mkubwa alizaliwa nyumbani na hana cheti cha kuzaliwa, naye ana watoto wawili shuleni wanaokaribia kuandikishwa mtihani. Aanze na cheti chake au cha watoto?