Naomba ushauri: albamu ya Nightfall in Middle-Earth isikilizwe vipi?

Ndugu wapenzi wa muziki wa metali, naomba ushauri wenu kuhusu albamu ya Nightfall in Middle-Earth, iliyotolewa mwaka 1998 na bendi ya Blind Guardian ya Ujerumani, ambayo kisa chake kimetokana na The Silmarillion, kitabu cha J.R.R. Tolkien ambacho sijakisoma. Sauti ya Hansi Kürsch, iliyorekodiwa mara nyingi na kupandanishwa hadi ikasikika kama kwaya nzima, imeniteka kabisa. Kinachonitatiza ni kwamba, kati ya vipande 22, vingi ni masimulizi mafupi yanayokatiza muziki pale ninapoanza kunogewa. Je, mlioizoea huviruka, au kwa kufanya hivyo nitapoteza mtiririko wa hadithi? Nianze kwanza na kitabu?