Msaada: bango la klabu ya historia, tuchukue mwaka 1258 au 1415?

Mwalimu wa Zamu
Wakuu, heshima kwenu. Klabu yetu imepewa ukuta mmoja siku ya taaluma. Tunataka bango kubwa la "Dunia Ndani ya Mwaka Mmoja", enzi za kati, matukio ya pande zote. Tumebaki na 1258 na 1415. Fundi wa kuchapa anataka kazi kesho kutwa. Mnashauri upi?

Kobe Mzee
Sisi si waganga, mwalimu. Kidato gani? Bango la ukubwa gani? Rangi au nyeusi na nyeupe? Mgeni rasmi nani?

Ndugu Mizani
1258, mjadala ufungwe. Februari 10 Hulagu, jemadari wa Wamongolia na mjukuu wa Chinggis Khan, anaichukua Baghdad. Khalifa al-Musta'sim anauawa, na ukhalifa wa Abbasiya uliokaa zaidi ya miaka 500 unakwisha pale. Masimulizi mashuhuri yanasema alifungwa ndani ya zulia akakanyagwa na farasi, kwa sababu kwa Wamongolia ilikuwa mwiko damu ya mtawala kumwagika ardhini. Wiki chache kabla ya hapo, Wamongolia wengine walikuwa wametimuliwa Đại Việt, Vietnam ya leo. Kule Uingereza mabwana wakubwa wanambana mfalme Henry III pale Oxford mpaka anakubali kutawala na baraza la watu 15. Mwaka huohuo London ina njaa, na wanasayansi wengi wanaihusisha na volkano ya Samalas, kisiwani Lombok, iliyolipuka 1257. Mnataka nini tena?

Shangazi Zay
Tunataka kitu ambacho mtoto akitoka pale hataota zulia. 1415 ina twiga! Mabalozi wa Malindi walimpeleka kwa mfalme Yongle wa China, wenyeji wakamwita qilin, mnyama wa heri. Agosti ya mwaka huohuo Wareno wanaiteka Ceuta, pwani ya Moroko. Sasa fuata njia yao kusini taratibu: 1498 Vasco da Gama anatia nanga wapi? Malindi ileile.
Kuna na Jan Hus, mhubiri wa Bohemia (Ucheki ya leo) aliyelikosoa kanisa, kachomwa moto Constance, Ujerumani, Julai 6 ilhali mfalme Sigismund wa Ujerumani alimpa hati ya kusafiri salama. Oktoba 25 Henry V wa Uingereza anawapiga Wafaransa Agincourt, kwao hukohuko.

Mla Korosho
Dada Zay, twiga wa ule mchoro maarufu wa Kichina alitoka Bengal, huko Bara Hindi, 1414. Msije mkaubandika mkaandika Malindi.

Shangazi Zay
Nani kataja mchoro? Wa Malindi ni 1415. Na Bengal tangu lini kuna twiga? Naye huyo katoka Afrika, kapitia kwa watu tu.

Mwalimu wa Zamu
Kidato cha pili na cha tatu. Mita 3 kwa 1.5, rangi kama mhasibu atakubali. Mgeni rasmi ni afisa elimu. Mkuu wa shule anasema Afrika Mashariki lazima iwemo.

Kobe Mzee
Sasa hilo la mwisho ndilo lilitakiwa kuja la kwanza! Mizani kaandika insha nzima bure.

Baba Ngedere
Niwape yaliyonikuta. Sisi tulichukua 1324, Mansa Musa, mfalme wa Mali, anapita Cairo akienda hija. Vijana walijiandaa vizuri. Walikuwa na habari ya al-Umari, mwandishi Mwarabu wa zama zile, aliyefika Cairo baadaye akakuta watu bado wanasimulia: mithqali (kipimo cha uzito) ya dhahabu ilikuwa haishuki chini ya dirham 25, yaani sarafu za fedha, Musa kagawa dhahabu, ikawa haivuki 22. Somo zuri kabisa la mfumuko wa bei. Mgeni wetu kafika, kauliza swali moja: "Huyu alikuwa na dola bilioni ngapi?" Binti akajibu kwa adabu kwamba hakuna aliyehesabu. Mzee akatoa simu, akasoma namba aliyoikuta mtandaoni, ukumbi ukapiga makofi. Muda uliobaki ukaisha kwa kubishana nani tajiri zaidi, Musa au matajiri wa leo. Suala la bei halikuguswa, na binti alilia. Kwa hiyo chagueni mwaka ambao hauna namba ya kubahatisha.

Ndugu Mizani
Pole kwa binti. Ila 1415 si enzi za kati kamili, huo ni mlango wa kutokea.

Kilwa Ndiyo Mama
Mnahangaika wakati 1331 ipo. Ibn Battuta, yule msafiri wa Moroko, yuko Mombasa, kisha Kilwa kwa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule aliyeombwa nguo alizovaa na fakiri wa Yemen akaenda kuzivua. Magofu ya Husuni Kubwa, jumba la masultani wa Kilwa, yapo mpaka leo. Mwaka huohuo Orhan, mtawala wa Waosmani, anaichukua Iznik, Uturuki ya leo, Stefan Dušan anakuwa mfalme wa Serbia, Japani mfalme Go-Daigo anakimbilia mlima Kasagi.

Mla Korosho
1331 haikuwepo kwenye swali.

Kilwa Ndiyo Mama
Na afisa elimu hakuwepo.

Mwalimu wa Zamu
Mmeniongezea wa tatu sasa. Nawapelekea vijana wapige kura.

Kobe Mzee
Mimi bado niko kwa twiga. Miezi yote ile baharini alikuwa anakula nini? Na shingo walikuwa wanaiweka wapi mawimbi yakija?

Baba Ngedere
Mkuu, mimi hata mbuzi nimeshindwa kumvusha kwa feri.