Tupeane uzoefu: Kula na kunywa katika baa ya mtaani nchini Ireland

Mzizima
Ndugu zangu mnaoishi Ireland, jana harufu ya mchuzi wa kondoo kutoka baa ya jirani ilinikumbusha majira yangu ya kwanza ya baridi hapa Dublin. Nilipoingia nilistaajabu kukuta wazee wakisoma magazeti, na mama akila chakula cha mchana pamoja na wanawe, kwa kuwa sheria ya hapa inawaruhusu watoto kuingia na mzazi hadi saa 3 usiku, na saa 4 kuanzia Mei hadi Septemba. Naomba tusimuliane: mlipokelewaje, na mlikula nini?

Mkisumu
Mimi nilizoea Guinness ya chupa ya Kenya, ambayo ni kali kuliko hii ya bomba yenye kilevi cha asilimia 4.2. Hapa bilauri hujazwa robo tatu, huachwa itulie, kisha humaliziwa; shughuli nzima huchukua karibu dakika mbili. Msiinyooshee mkono kabla mhudumu hajaisukuma mbele yenu.

Binti Pangani
Mmenigusa pale pale. Mnakumbuka theluji ya tarehe 1 Machi 2018, watu walipotakiwa kuwa ndani ifikapo saa 10 alasiri, na mikate ikawa imekwisha madukani? Nilikuwa nikihudumia wazee katika makao fulani huko Kildare, na aliyepaswa kunipokea zamu alichelewa kwa sababu barabara zilikuwa zimefungwa. Nilipoondoka, hapakuwa na basi wala teksi, basi nikatembea huku upepo ukinipiga usoni na theluji ikifika magotini, mpaka vidole vikafa ganzi na nikaanza kusikia usingizi wa ajabu, ule ambao sisi tunaofanya kazi za uuguzi tunajua maana yake. Nilianza kusoma Ayatul Kursi kwa sauti. Ndipo nikaona taa dirishani. Mwenye baa aliishi ghorofani na alikuwa amewafungulia majirani. Walinivua koti lililolowa, wakanifunika blanketi mbali kidogo na moto, wakanipa supu ya viazi na mkate uliokandwa kwa magadi na maziwa mtindi, ule usiotiwa hamira. Nililala kwao usiku ule, na asubuhi walikataa katakata kupokea pesa yangu.

Mkisumu
Pole sana, dada. Walipaswa kukupa wiski ya moto yenye limau na karafuu, ndiyo dawa ya baridi.

Binti Pangani
Hapana, kaka. Kwanza mimi situmii. Pili, pombe hutanua mishipa ya damu karibu na ngozi, kwa hiyo mtu huhisi joto ilhali mwili unazidi kupoteza joto lake. Tafadhali usimpe mtu aliyeganda kwa baridi.

Mjukuu wa Unguja
Alhamdulillahi kwa usalama wako, dada. Kwa Waislamu wenzangu: chai hupatikana katika baa nyingi, na hakuna anayekushangaa. Lakini ulizeni kabla ya kula, kwa sababu coddle, chakula cha Dublin cha viazi na vitunguu, hupikwa kwa soseji na nyama ya nguruwe, na mchuzi wa ng'ombe mara nyingi hutiwa Guinness.

Mkisumu
Ile pombe huyeyuka yote jikoni, mzee wangu.

Mjukuu wa Unguja
Haiyeyuki yote, na hata ingeyeyuka, hukumu yangu siichukui kwenye sufuria. Tuheshimiane.

Mzizima
Ndugu, tusigombane. Dada, uliwahi kurudi pale?

Binti Pangani
Hurudi kila mwaka na sambusa. Mwenye baa huzila kwa siki.

Kaka wa Cork
Hakuna aliyegusia raundi. Mkikaa wanne, kila mmoja huwanunulia wote kwa zamu, na anayeondoka kabla ya zamu yake huacha jina baya. Ingieni kwenye raundi, ndivyo urafiki unavyojengwa.

Mama Nakuru
Sikubaliani. Nina karo ya watoto wa dada yangu ya kutuma nyumbani. Mimi husema mapema, kwa upole, kwamba ninajinunulia mwenyewe, na hakuna aliyewahi kunikasirikia. Yule anayekunywa soda moja hana sababu ya kulipia bia tatu za wenzake.

Kaka wa Cork
Mama, bia tatu nazo utanunuliwa, utake usitake.

Mama Nakuru
Sizihitaji, mwanangu.

Mzizima
Jumapili ninampeleka mgeni kutoka Tanga, naye anataka muziki na chakula. Tufike saa ngapi?

Binti Pangani
Wahini. Jikoni hufungwa mapema kuliko kaunta, mara nyingi ifikapo saa 3 usiku, na wapiga fidla na ngoma ya bodhrán huanza wakati sahani zinaondolewa. Agizeni kondoo kwanza, muziki mtaukuta.