Tumelipia Gran Reserva, tukamiminiwa Crianza

Ndugu wanajamvi,

Kuna mgahawa wa Kihispania hapa London unaotangaza karamu ya familia ambayo kila chakula huambatana na mvinyo wake bora. Tuliwapeleka wakwe zangu waliotoka Tanga kututembelea, na bei ile kubwa tuliikubali kwa sababu ya majina yaliyoandikwa kwenye menyu. Majina yale yalikuwa uongo.

Nyama ilikuja na bilauri zilizokwisha kujazwa huko ndani. Mume wangu alipoomba kuiona chupa, mhudumu alidai imeshatupwa; alipong'ang'ania, ikaletwa chupa ya Crianza, ilhali menyu iliahidi Gran Reserva ya Rioja, eneo la mvinyo huko Hispania. Meneja akatujibu kwamba mtengenezaji ni yule yule na zabibu ni zile zile. Hilo si jibu. Kwa kanuni za Rioja, mvinyo mwekundu hauitwi Gran Reserva mpaka utimize angalau miaka 5, ikiwemo miaka 2 katika mapipa ya mwaloni na mingine 2 katika chupa, wakati Crianza huruhusiwa kuuzwa baada ya miaka 2, mmoja wake ukiwa wa pipani. Miaka hiyo ndiyo tuliyoilipia! Hata fino ya Jerez, mvinyo mweupe mkavu wa kusini mwa Hispania, ambayo hunywewa ikiwa baridi na chupa yake ikishafunguliwa humalizwa ndani ya siku chache, tuliletewa ikiwa vuguvugu na imechujuka kabisa.

Lakini lililoniumiza zaidi ni paella, ule wali wa Kihispania. Mama mkwe hali nguruwe, nasi tulilisema hilo tulipoweka nafasi, wakatuthibitishia kwa maandishi. Menyu ilisema paella ya Valencia, na ile hupikwa kwa kuku, sungura na maharage katika sufuria pana isiyo na kina, bila kukorogwa, hadi chini ushike ukoko. Walichotuletea ni wali uliorojeka, usio na hata harufu ya zafarani, uliojaa vipande vya chorizo, soseji ya nguruwe ambayo Wavalencia wenyewe hawaitaki katika paella yao. Mhudumu akamwambia mama avitoe vipande pembeni, kana kwamba mafuta yake hayajaingia katika kila punje. Mama wa watu akaishia kula mkate na nyanya, mezani kwa mwanawe aliyemwalika kwa heshima.

Meneja alitupa vocha ya kurudi kula tena, nikaikataa. Sheria ya haki za walaji ya Uingereza ya mwaka 2015 inataka bidhaa ilingane na maelezo yake, kwa hiyo nimewaandikia nikidai turudishiwe fedha za mvinyo na za paella, pamoja na barua ya kumwomba radhi mama mkwe. Wasipojibu kufikia mwisho wa mwezi huu, risiti, menyu na picha ya chupa ile nitazifikisha kwa idara ya halmashauri inayosimamia biashara. Aliyewahi kufungua malalamiko ya aina hii anieleze walichomtaka awasilishe.