Tupeane uzoefu: MP3 ipi ya kumnunulia mzee asiyetaka simu ya tachi?

Mlalakuwa_Dume: Wakubwa shikamooni, wengine mambo vipi. Jana nimemkuta mzee wangu anachomoa kanda iliyotafunwa na redio, utepe wote umejaa sakafuni. Ana miaka sabini na kitu, taarab ndiyo dawa yake ya usingizi. Simu ya tachi hataki, anasema wimbo ukikolea tu mtu anapiga. Nikakumbuka zile MP3 za kuning'iniza shingoni. Mliozitumia, niangalie nini kabla sijatoa hela?

FundiRedio: Vitufe vya kubonyeza, siyo kioo cha kugusa. Iwe na sehemu ya memori kadi, tundu la hedifoni la duara, na FM. Zile za kijiti zilizokuwa zinatumia betri moja ndogo ya AAA zilikuwa mkombozi, ikiisha unatuma mtoto dukani. Hizi za kuchaji, betri ikivimba kupata ya saizi yake ni kazi.

Kaka_Tandale: Mnunulie iPod, mzee aheshimike.

FundiRedio: iPod gani tena? Apple waliacha kuzitengeneza mwaka 2022, utakayopata ni mtumba. Kadi haina pa kuweka, na nyimbo zinapitia kwenye kompyuta yenye iTunes. Mzee akitaka wimbo mmoja apande daladala mpaka kwa mwanawe?

Kaka_Tandale: Sema huna hela mkuu, usizunguke.

Mama_Shufaa: Mmenikumbusha machungu jamani. Harusi ya mdogo wangu, Tanga. Muziki nimekabidhiwa mimi, maana nilikuwa na MP4 imeandikwa GB 16 mgongoni, nimeinunua Kariakoo kwa kijana aliyezipanga chini kwenye turubai. Unaingiza nyimbo, haijai! Nilitamba nayo mtaa mzima. Usiku wa kuamkia shughuli nikaingiza kasida za kumtolea bibi harusi, majina yote nikayaona kwenye kioo, nikalala.

Saa ya kumtoa ikafika. Ukumbi kimya, mama mkwe kakaa mbele na khanga yake mpya, watu wameshika vigelegele mdomoni. Nabonyeza. Faili haisomeki. Nabonyeza ya pili, haisomeki. Kile kimashine kikaruka chenyewe kutafuta wimbo unaosomeka, kikaudaka mchiriku aliouweka binamu yetu. Spika mbili kubwa, sauti mwisho! Maneno yake siyaandiki hapa. Nikavuta waya, kumbe umekanyagwa na mguu wa meza ya keki. Navuta, keki inakuja.

Bin_Chumbageni: 😂😂 Bibi harusi alifanyaje?

Mama_Shufaa: Bibi harusi alijifunika. Mama mkwe ndiye aliyecheza.

Zuhura_wa_Pongwe: Keki je? Usituache hewani dada.

Kaka_Tandale: Mnauzungumzia mchiriku kama haramu. Huo ni muziki wa watu, Dar nzima ya uswahilini imelelewa nao.

Bin_Chumbageni: Hakuna aliyekukataza kulelewa. Ila siyo mbele ya kasida.

Mlalakuwa_Dume: Jamani, mzee wangu…

FundiRedio: Ya dada hapo juu ni feki ya kawaida. Ndani mna GB 1 au 2, wameichezea programu iseme 16. Ikishajaa, jina linaandikwa lakini muziki wenyewe hauna pa kukaa, au unafuta wa zamani. Ukinunua kadi au MP3, ichomeke kwenye kompyuta kwanza, endesha programu ya H2testw. Ni ya bure, inajaza nafasi yote kisha inasoma ilichokiandika. Muuzaji akikataa usubiri, ondoka.

Zuhura_wa_Pongwe: Na majina ya nyimbo yaanze na 01, 02, 03, zitajipanga.

Bin_Chumbageni: Siyo zote. Nyingi za bei rahisi zinafuata ulivyonakili, haijali namba. Ingiza moja moja.

Zuhura_wa_Pongwe: Yangu inafuata namba.

Bin_Chumbageni: Yako.

Sikio_Kali: Mkimaliza kugombana, mwekeeni faili za FLAC, zisizopunguza sauti. MP3 inakata sauti za juu, qanuni inakuwa kama bati.

FundiRedio: Kwa hedifoni ya elfu tatu hataijua tofauti. Wimbo wa MP3 wa 128 kbps (kipimo cha ubora wa sauti) unakula karibu MB 1 kwa dakika. Taarab ya dakika 12 ni MB 12. GB 8 halisi inabeba kama saa 130. Anaitaka zaidi ya hapo ya nini?

Sikio_Kali: 128 ni dhambi. Angalau 320.

Mlalakuwa_Dume: Nimempigia mzee sasa hivi. Anauliza kama kina spika, hataki kuziba masikio, bibi naye anasikiliza.

FundiRedio: Lo. Basi hiyo siyo MP3 tena mkuu. Chukua redio ndogo ya mkononi ya kadi na flashi, yenye tochi. Umeme ukikatika anaendelea na taarab yake na mwanga anao.

Kaka_Tandale: Sasa iPod yangu nani anaichukua? Haina mkwaruzo.